Namna ya Kupanda Kitonga kwa Mguu Mmoja na Nusu

Safari ndefu ya baiskeli kwa mtu aliyekatwa mguu huanza kwa kikao. Mwenye miguu miwili akiamka asubuhi akatangaza kwamba anatoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa baiskeli, watu watamwita mwendawazimu na kumwacha aende zake. Wewe ukisema hivyohivyo, ukoo utaitishwa. Mjomba atafika kutoka Chanika, shangazi atapiga simu kutoka Tanga, na yule binamu ambaye hamjasemezana tangu msiba wa babu ndiye atakayewahi viti vya mbele. Ajenda ni usalama wako. Utakaa katikati, utanyamaza kwa adabu, na hutaulizwa swali hata moja mpaka chai iishe.

Usibishane nao. Toa shikamoo kwa mpangilio wa umri, kisha omba baraka badala ya ruhusa, kwa sababu ruhusa hunyimwa lakini baraka ni aibu kumnyima mtu mbele ya wageni. Mama atalia. Mwache alie kidogo, halafu mwombe akupikie maandazi ya njiani. Kukanda unga hukausha machozi haraka kuliko maelezo yoyote utakayotoa kuhusu helmeti.

Baada ya chai ndipo litakuja swali lenyewe: "Sasa mwanangu, unachangisha nini?"

Jiandae nalo, maana utakutana nalo tena Mlandizi, Chalinze, Mikumi na kila penye kibanda cha chipsi. Mwenye miguu miwili anaruhusiwa kuzurura. Anaweza kuvuka nchi kwa kuwa amechoshwa na ofisi, au ameachwa na mchumba, au anapenda tu upepo wa usoni. Wewe huna ruhusa hiyo. Mlemavu akionekana juu ya baiskeli mbali na kwao, lazima kuwe na bango, fulana zenye maandishi, namba ya kutumia michango, na mgeni rasmi anayesubiriwa mwisho wa barabara huku yeye mwenyewe akiwa bado hajaoga. Ukijibu kwamba unakwenda Iringa kwa sababu hujawahi kuuona mlima Kitonga ukiwa nje ya basi, watakutazama kwa huruma mpya, safari hii ya kichwa. Kwa hiyo beba sababu. Mimi hupendekeza vitunguu. Ruaha Mbuyuni inasifika kwa vitunguu, iko njiani, na hakuna Mtanzania anayeshindwa kumwelewa mtu aliyefuata vitunguu vya bei nafuu.

Wazee wakitaka mfano wa mtu aliyewahi kufanya jambo hilo, wape wa Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana. Alizaliwa 1977, mguu wake wa kulia ukiwa haufai kukanyagia. Ujanani alisafisha viatu vya watu jijini Accra, mahali ambapo mtu wa hali yake alitegemewa akae pembeni ya barabara anyooshe mkono, kisha akaliandikia barua shirika la Challenged Athletes Foundation la San Diego kuomba baiskeli. Wakamtumia. Mwaka 2001 aliivuka nchi yake kwa mguu wa kushoto peke yake, karibu kilomita 600. Mwaka 2005 ikatoka filamu kumhusu, na 2006 bunge la Ghana likapitisha sheria ya watu wenye ulemavu, ambayo iliyapa majengo ya umma miaka 10 ya kujiandaa ili mtu mwenye ulemavu aweze kuingia. Kijana alivuka nchi kwa mguu mmoja. Ngazi za ofisi zikaomba miaka 10. Wazee watatikisa vichwa. Ila usimalizie kwa kusema kwamba nawe unafuata nyayo zake. Yeboah aliendesha ili watu wenye ulemavu waonekane, na kazi hiyo aliifanya barabara. Kwa maoni yangu, mojawapo ya matunda yake ni sisi wengine kuweza kuendesha kwa ajili ya vitunguu.

Tuje kwenye chombo. Utashauriwa Phoenix, kwa kuwa kila anayekushauri alijifunzia Phoenix ya babu yake akiwa amepenyeza mguu katikati ya fremu. Phoenix ni chombo cha heshima. Inabeba gunia la mkaa na mtu juu yake bila kunung'unika. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 20, gia moja, na breki za vyuma ambazo mvua ikinyesha hubaki kuwa za ushauri tu. Tafuta ya gia, ya mtumba, iliyokuja na kontena, na uchague ile ambayo bomba la juu la fremu limeinama. Muuzaji atakwambia hiyo ni ya kike. Nunua. Mguu wa plastiki hauinuki kwa hiari yake, na mwanamume anayening'inia kwenye fremu ya kiume huku wapita njia wakimhesabia sekunde hajauongezea uanaume wake chochote.

Tatizo la kwanza la kiufundi ni kwamba unyayo bandia haujui uko wapi. Mguu wa nyama hupeleka taarifa: nimeteleza, nirudishe. Wa plastiki huteleza kimyakimya, na habari utazipata pedali ikikugonga ugoko wa upande mwingine. Kwa hiyo lazima ufungwe. Ulaya wanauza viatu vyenye chuma cha kujibana kwenye pedali, na wanaoendesha kwa mguu bandia hukisogeza chuma hicho nyuma, kikae chini ya bomba la mguu na si chini ya vidole, maana kifundo cha bandia hakisukumi kitu. Wewe nenda kwa fundi baiskeli wa chini ya mwembe. Atakusikiliza, atachukua tyubu kuukuu, atakata utepe, na atakufungia kitu kinachoushika unyayo lakini ukiuvuta kwa nguvu kinaachia. Hilo neno "kinaachia" lirudie mara tatu. Asipolisikia, siku utakayosimama ghafla kwenye matuta mtaanguka wote wawili, wewe na chombo, na trafiki atataka kujua nani alikuwa anaendesha.

Kisha mkono wa pedali. Upande wa mguu bandia, mkono ukifupishwa goti halikunjiki sana, na ukingo wa soketi, ile sehemu ya mguu bandia inayovaliwa kwenye kigutu, haukuchomi nyuma ya goti kila mzunguko. Wa kawaida una milimita kama 170; wenzetu huweka wa 150 au mfupi zaidi. Fundi wa karakana mwenye mashine ya kukata hesi anaweza kukutobolea tundu jipya kwenye ule wa zamani. Atakuuliza tena na tena kama kweli unataka pande mbili zisilingane. Mwonyeshe miguu yako.

Kama miguu yote miwili haifanyi kazi, iko baiskeli ya mikono. Karen Darke wa Uingereza alipooza akiwa na miaka 21, alipoanguka akikwea mwamba. Miaka michache baadaye alivuka milima ya Asia ya Kati kwa baiskeli ya namna hiyo, na 2016 akachukua medali ya dhahabu kwenye Paralimpiki ya Rio. Ukibahatika kuipata, fahamu kwamba nyingi huvutwa na gurudumu la mbele, na kwenye mlima mkali gurudumu hilo hupoteza uzito na kuzunguka bure huku wewe ukibaki palepale. Fahamu pia kwamba umekaa chini kiasi ambacho dereva wa lori la Tunduma hakuoni. Funga bendera kwenye kijiti kirefu. Rangi yoyote itafaa isipokuwa ya chama.

Huku kwetu, hata hivyo, hatukuingoja Rio. Mpakani Busia, na kati ya Goma na Gisenyi, watu wenye ulemavu wamekuwa wakivusha mizigo ya wafanyabiashara kwa baiskeli za magurudumu matatu kwa miaka mingi, shehena ikiwapita kimo, vijana wawili wakisukuma nyuma. Hawaitwi wasafiri jasiri. Wanaitwa wachukuzi, na tofauti ninayoiona ni kwamba wao wanalipwa.

Sasa mguu wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo ya safari za baiskeli hujaza kurasa kwa matairi na haina hata aya moja ya soketi.

Huenda mguu wako umetengenezwa na mtaalamu aliyesomea TATCOT, chuo kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho tangu 1981 kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Na huenda ni wa polipropilini, plastiki ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieneza matumizi yake kwa viungo bandia kwa kuwa haina gharama kubwa na inadumu. Viti vyeupe vya sherehe navyo hutengenezwa kwa polipropilini. Lifahamu hilo mapema, ili siku utakayokaa harusini usishtuke ukigundua kwamba wewe na kiti ni ndugu upande wa goti kushuka chini.

Plastiki hiyo haipumui. Ukitoka Morogoro kuelekea Doma saa nne asubuhi, jasho litajaa ndani ya soketi mpaka ulisikie likiongea kila unapokanyaga. Na kigutu hakina msimamo: asubuhi kimejaa vizuri, mchana kimesinyaa, mguu unaanza kucheza ndani, ngozi inasuguliwa. Dawa ni soksi. Anza na moja, ongeza ya pili, ongeza ya tatu, na kila baada ya saa moja hivi simama, vua mguu, futa, kausha, vaa. Ukiona lengelenge, siku imekwisha, hata kama uko Melela na harufu ya maandazi ya mama bado iko mfukoni. Mwendesha baiskeli wa kawaida akipata lengelenge amepata hadithi ya kusimulia. Wewe umepata juma zima la magongo.

Kuvua mguu kando ya barabara kuu kuna taratibu zake. Chagua mti wenye kivuli ambao hauko karibu na shule. Ukipuuza hilo, watoto watakimbia wakipiga kelele, kisha watarudi na wenzao, kisha na mwalimu. Na mguu usiuegemeze peke yake kwenye jiwe la kilomita ukiwa umevaa kiatu. Dereva wa basi akiuona atafunga breki, na abiria watashuka kutafuta sehemu iliyobaki.

Beba ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Miguu bandia mingi ya kisasa huhitaji huo kukaza skrubu zake, na skrubu kadhaa za baiskeli nazo ni za saizi hiyohiyo, kwa hiyo fundi yeyote wa njiani anaweza kukuhudumia pande zote mbili kwa bei moja. Beba na dawa ya maumivu. Wa plastiki hautauma. Utakaouma ni ule uliokatwa. Hilo si kichekesho: mishipa ya fahamu inaendelea kutuma taarifa za vidole ambavyo havipo, na baada ya siku nzima ya kupanda milima, vidole hivyo vitakaza misuli usiku wa manane vikidai haki zao.

Ukishatoka mjini, kazi kubwa itakuwa watu. Barabara ya lami ni ya TANROADS, lakini pembeni yake pote ni pa watu, na kila mmoja ana swali: "Nini kilikupata?" Usijaribu kuwa mkweli kwa wote, utafika Iringa mwakani. Chagua jibu kulingana na muda ulio nao. Ukisema ajali ya bodaboda, watasema "pole sana" na kukusimulia ajali ya bodaboda ya shemeji yao. Weka dakika tano. Ukisema kisukari, jiandae kupewa mzizi wa kuchemsha na namba ya simu ya mganga, pamoja na lawama ya soda ulizokunywa tangu utotoni. Ukisema mamba, utapata heshima kubwa na maswali machache, ila usiseme hivyo karibu na mto, kwa sababu watakuuliza ni mto upi na mahali gani hasa. Wapo watakaotaka kukuombea palepale, mkono mmoja kichwani kwako na mwingine juu ya soketi. Kubali. Uliza tu kwa upole kama maombi yanaweza kufanyika kivulini.

Halafu sadaka. Kanuni ni moja na ni ya lazima: helmeti usiiweke chini ikiwa imefunuka. Mlemavu aliyekaa kivulini anatokwa jasho, mbele yake kuna kitu chenye umbo la bakuli. Watu wa barabara hii ni wacha Mungu, na bakuli litajaa. Utashtuka umeshapewa mia tano tano za kutosha chakula cha mchana. Kurudisha ni matusi. Kuelezea kwamba una kazi, una mshahara, na baiskeli hiyo ina thamani kuliko pikipiki yake, ni matusi zaidi. Sema "Mungu akubariki, mama", nunua soda, na umnunulie na yeye. Atachanganyikiwa, lakini ataipokea.

Wagumu kuliko wote ni wanaotiwa moyo. Hawa huja na gari lenye kiyoyozi. Litakupita, litapunguza mwendo, litarudi nyuma kwa hatari kubwa, kioo kitashuka, na simu itatangulia kutoka kabla ya kichwa. "Kaka, umenitia moyo sana. Mimi nina miguu yote miwili na ninalalamika!" Ni wazi anajipongeza, lakini ni mapema mno kumkasirikia. Mwambie kutiwa moyo ni lita moja na nusu ya maji ya baridi, na picha ni lita nyingine. Kwenye gari lake huwa yapo.

Baada ya Doma kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaipasua kwa kilomita zipatazo 50. Pembeni utaona bango la faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake, twiga akiwa ghali kupita kiasi. Bei ya mwendesha baiskeli haimo. Tembo huvuka wanapotaka, nyani hukaa katikati ya lami wakisubiri ndizi, na simba, kwa jinsi tunavyoambiwa, humtazama kwanza yule anayechechemea. Hapa ushujaa haukusaidii kitu. Tafuta fuso, pakia baiskeli, panda mbele na dereva, na ushukie mji wa Mikumi. Wapo watakaosema umevunja mfululizo wa safari. Waulize wao walipita hapo kwa baiskeli lini.

Gesti ya Mikumi au ya popote itakuwa na chumba kimoja cha chini, na kimekaliwa. Vilivyobaki viko ghorofani, ngazi ina vigae vinavyong'aa, na hakuna mahali pa kushika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo yafikike, na baadhi ya wajenzi wameitikia kwa kuweka njia ya mteremko mlangoni, inayoishia kwenye kizingiti, ambapo kuna chungu cha maua. Mhudumu atakukabidhi ndala, pea nzima. Chukua zote mbili. Hiyo ya ziada ni ya kumtupia mende.

Choo kitakuwa cha kuchuchumaa, na hapo ndipo utajua mguu wako ulibuniwa na nani. Miguu mingi ya Magharibi ilibuniwa na watu waliozoea kukaa kwenye viti, na haichuchumai. Ule unaochuchumaa ulitoka Jaipur, India, mwaka 1968, kazi ya fundi Ram Chander Sharma, ambaye hakusoma sana, akishirikiana na daktari P. K. Sethi. Unyayo wake wa mpira unakunjika, unaingia tope la shambani, unakwenda peku. Inasimuliwa kwamba wazo la mpira lilimjia Sharma siku baiskeli yake ilipopata pancha, akawa amekaa kwa fundi wa matairi akimwangalia anavyofanya kazi. Sitaki kuikuza hadithi hiyo kupita kiasi, lakini nikiwa ndani ya choo cha gesti huwa naiamini yote.

Kutoka Mikumi barabara inapita Iyovi, inashuka bondeni, joto linapanda, mibuyu inaanza, na hatimaye vitunguu. Vipo kweli, vimepangwa kando ya barabara. Nunua kidogo, funga kwenye keria, maana kuanzia hapa una ushahidi. Atakayekuuliza unachangisha nini, mwonyeshe.

Kitonga uianze alfajiri, kabla jua halijafika kwenye lami na kabla msururu wa malori haujawa mrefu. Mlima una kona kali, upande mmoja ukuta wa jabali, upande mwingine bonde ambalo abiria wa mabasi hulitazama na kuanza kusali. Malori ya Zambia na Kongo hupanda kwa gia ya chini kabisa, taratibu mno, utingo akining'inia mlangoni. Mwendo wenu utalingana. Mtapanda pamoja nusu saa nzima mkisalimiana, mtafahamu kwao ni wapi, na atakushawishi ushike mkia wa lori. Usishike, una unyayo uliofungwa kwa tyubu.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo kikao hakikulijua, na wewe usiliseme mbele yao ukitaka waendelee kukupikia maandazi. Kwa wengi wetu, baiskeli ni rahisi kuliko kutembea. Ukitembea, uzito wote unakaa kwenye kigutu kila hatua. Ukiendesha, siti inabeba mwili, na mguu bandia unasindikiza tu wakati mguu mzima unafanya kazi. Mlimani ndiyo kabisa: kifundo cha bandia hakikunjiki kuufuata mwinuko, kwa hiyo anayeshuka na kukokota baiskeli anateseka kuliko anayebaki juu ya siti katika gia nyepesi. Utaona wenye miguu miwili wameshuka, wanakokota, wanakutazama ukiwapita kwa mwendo wa kinyonga. Watasema ni muujiza. Waache waseme. Ukifika juu, karibu na Ilula, utakuta nyanya na vitunguu vingine, vya bei nzuri kuliko vyako. Usiulize bei.

Halafu usishangilie mapema. Mji wa Iringa hauko barabarani. Barabara kuu inapita Ipogolo, chini, na mji wenyewe uko juu ya kilima, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600, kwa hiyo baada ya Kitonga bado una kipande kimoja cha kupanda ambacho hakuna aliyekutajia, kifupi, kikali, kilichojaa bajaji. Hapa ndipo watu hulia. Kitonga ina jina; ukilia Kitonga wataelewa.

Mjini, nenda ukanywe kahawa Neema Crafts, kituo kilichoanza 2003 ambapo mafundi na wahudumu ni watu wenye ulemavu. Wahudumu wa mgahawani ni viziwi. Agizo unaliandika, au unaonyesha kwa ishara. Wanauza pia karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo, na kama ulipita Mikumi ukiwa ndani ya fuso, hapo utapata nafasi nyingine ya kuwakaribia tembo. Hapo ndani mguu bandia si habari. Wana wageni wa kuhudumia.

Kurudi ni kwa basi. Hakuna aliyesema lazima uendeshe kwenda na kurudi. Fika stendi mapema. Konda atakuona kwa mbali, atasema "pole mzee, pita mbele", atamwamsha abiria aliyelala kwenye kiti cha kwanza na kukukalisha wewe. Mambo yatakuwa matamu mpaka atakapoiona baiskeli. Hapo atataja bei ya mzigo ambayo nusu yake tu ingetosha nauli ya mtu mzima. Mwonyeshe mguu. Ataangalia pembeni. Mwambie umepanda Kitonga nao. Atasema hata yeye hupanda Kitonga kila siku, tena akiwa amesimama. Mwonyeshe vitunguu. Atauliza ni kilo ngapi, atavinyanyua, na ataviongeza kwenye hesabu. Basi shuka kwenye hicho kiti, simama chini vizuri, na mbishane bei kwa sauti mpaka abiria waingilie.